Silwal wa Kazi Mbili

Ojijo alikuwa amebakiwa na mifupa na maneno, tena hata maneno yenyewe yalimtoka kwa tabu, lakini siku ya kwenda kuchagua ng'ombe alivaa koti lake la kwenda harusini na ile kofia aliyokuwa akivaa zamani akiendesha trekta la miwa kule Awendo. Alikataa kushikwa mkono. Mkewe Risper alitembea nyuma yake hatua chache, tayari kumdaka akiyumba, huku akijifanya anaangalia nyasi.

Kansa ya koo ndiyo iliyokuwa ikimla. Ugali ulikuwa wa kwanza kukataa kupita, viazi vikafuata, na mwisho hata ndizi iliyopondwa ikawa inarudi. Daktari wa Homa Bay hakuzunguka mbuyu. "Mama, mpe uji na maziwa. Hapo ndipo tulipofika." Risper akamrudisha mumewe nyumbani, upande wa Rangwe, akaanza kununua maziwa ya pikipiki, yale yaletwayo kwenye mitungi ya plastiki, nusu ng'ombe nusu mto. Ojijo alikunywa, akatapika, akasema kwa ile sauti yake iliyochakaa kwamba kama ni maji, angekwenda mtoni mwenyewe.

Basi zamu ya Risper ya kupokea mchango ilipofika kwenye chama cha akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, aliamua. Pesa ile hakuipeleka kwenye mabati wala kwenye kiti cha sofa. Alitaka ng'ombe mdogo, wa kula majani ya shamba dogo, wa kumtolea mumewe maziwa halisi. Na tusifichane, aliwaza pia siku za mbele. Mtoto wao mmoja tu, Beverlyne, alikuwa ameolewa Awendo na alikuwa na mizigo yake. Ojijo akishaondoka, Risper angebaki na nini? Angebaki na ng'ombe. Angekama, angeuza maziwa kwa walimu wa Asumbi, na hakuna shemeji ambaye angemjia na simango.

Ng'ombe walikuwa kwa Werema, Mkuria mmoja wa mbele ya mji wa Migori, mtu aliyejua mifugo yake kuliko alivyowajua wajukuu zake. Aliwatolea watatu, akawafunga kwenye ua.

"Huyu mkubwa ni gredi, wa kizungu," alisema. "Maziwa yake ni ndoo. Lakini mama, nisikudanganye, huyu anakula kama shule ya bweni, na kupe mmoja tu akimuuma, unachimba shimo. Huyu mdogo ni Jazi. Hana mambo mengi, maziwa mazito, malai mpaka unashangaa. Lakini ukimchinja, utapata supu na pole. Sasa huyu wa tatu ni Sahiwal, nimechanganya na wa kwetu wa kienyeji. Mfupi, anavumilia kupe, anavumilia jua, majani ya miwa anakula. Maziwa si mengi lakini yapo kila siku. Na siku ukichoka na yeye, ni nyama. Huyu ni wa kazi mbili."

Risper alikwenda moja kwa moja kwa Jazi. Alichuchumaa, akashika kiwele, akajaribu chuchu moja baada ya nyingine, akakamulia kiganjani na kuonja. Yule Jazi alikuwa na mbavu za kuhesabika na macho ya upole, na moyo wa Risper ulimwangukia pale pale.

"Mama anajua," Werema akasema.

"Nyar Rusinga," Ojijo akamwita mkewe, kwa jina la kisiwa alikozaliwa, kama alivyomwita tangu alipomwoa. "Wewe ni mtu wa samaki. Ng'ombe hachaguliwi kama ngege, kwa kumtazama macho."

Alikuwa amesimama kwa yule Sahiwal mwekundu, ambaye pembeni yake kulikuwa na ndama jike mdogo. Risper alimtazama mumewe akifanya kazi, akashangaa. Ojijo hakuinama kutazama kiwele. Hakugusa chuchu hata moja. Alimshika yule ng'ombe nundu, akaibinya. Akapitisha mkono mgongoni, akapima kiuno kwa shibiri, akayapigapiga mapaja, akarudi nyuma kumtazama upana wake. Mtu aliyekulia machungani, na leo amesahau kwamba maziwa hukaa chini! Ugonjwa umeingia kichwani, Risper aliwaza.

"Huyu," Ojijo akasema.

"Baba Beverlyne, maziwa ya Jazi ndiyo mazito."

"Huyu ndiye ng'ombe. Yule ni mbuzi aliyerefuka."

Angeweza kubisha. Pesa ilikuwa yake, jasho la omena yake. Lakini mbele ya muuzaji mwanamke habishani na mumewe juu ya ng'ombe, hasa mwanamke wa kisiwani ambaye kwao mali ni mtumbwi. Tena kulikuwa na jambo zaidi ya hilo. Ilikuwa miezi mingi tangu Ojijo atake kitu chochote duniani, na sasa alikuwa amesimama pale na kofia yake, anataka. Risper akatoa pesa. Mchagua jembe si mkulima, alijiambia, na ng'ombe ni ng'ombe.

Wakamwita Silwal, kwa ile rangi yake ya udongo mwekundu. Kumkamua kulikuwa na masharti. Hakutoa tone mpaka ndama wake aanze kunyonya. Risper alimleta ndama, akamwachia avute kidogo mpaka maziwa yateremke, kisha akamtoa kwa kusukumana, akakamua, akamrudishia yaliyobaki. Wale wawili walishindania maziwa kila asubuhi, mke wa mtu na mtoto wa ng'ombe, na Risper alikuwa akimwomba ndama radhi kwa sauti. "Nisamehe, mama. Kuna mwingine ndani hana meno."

Maziwa yalimkaa Ojijo tumboni. Kwa muda alionekana kurudi duniani. Alitoka nje na kiti chake, akawa anakaa zizini tangu jua linapochomoza. Alituma salamu kwa madereva wenzake wa zamani, wakamletea molasi kwenye mitungi, akamwagiza Risper amchanganyie Silwal kwenye majani.

"Ananenepa?" aliuliza karibu kila siku.

"Anakamuliwa huyo. Atanenepea wapi?"

"Mwongezee molasi."

Risper alicheka na kuongeza, akijua molasi inaleta maziwa. Jioni moja Agunda, mdogo wake Ojijo, alikuja, na ndugu wale wawili wakasimama kwa muda mrefu wakimtazama Silwal bila kumpa mgongo. Ojijo alikuwa akinong'ona na Agunda akiitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu anayepokea kazi. Risper aliwapelekea chai, wakanyamaza mpaka alipoondoka. Alifurahi kuona ndugu wanaelewana. Hakujua, maskini, kwamba alikuwa anawapelekea chai watu wanaougawa moyo wake vipande.

Mvua za masika ziliposhika, maziwa nayo yakakataa kupita. Ojijo alikufa asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Risper, kikombe kikiwa kimejaa kando ya kitanda.

Watu wakaja. Huku kwetu mtu hafi kimya, na ukoo wa Ojijo ulikuwa mpana. Walitoka Awendo, walitoka Oyugis, walitoka mahali ambapo Ojijo alipokuwa hai hakuna aliyejua njia ya kuja kumjulia hali. Kufa kufaana. Turubai likafungwa, masufuria ya kanisa yakaletwa, Beverlyne akashika jiko. Maiti ikarudi kutoka mochari, jeneza likawekwa sebuleni, na Risper akakalishwa kando yake kama inavyompasa mjane.

Siku moja kabla ya mazishi Agunda aliingia, kofia mkononi na kamba begani. Risper aliiona ile kamba kabla ya kumwona mtu.

"Yuora," Agunda akaanza, akimwita shemeji kwa heshima yote. "Watu ni wengi. Tunamchukua Silwal."

"Mnampeleka wapi?"

Agunda aligeuza macho. Alitazama jeneza.

"Una maksai wawili kwako," Risper akasema. "Chukua mmoja. Nitakulipa kidogo kidogo. Nitauza omena mpaka nife. Silwal ana ndama, Agunda. Anakamuliwa! Nani amewahi kuona ng'ombe wa maziwa akichinjwa na fahali wapo?"

"Mtu anazikwa na mali ya boma lake. Hata wewe unajua. Akilishiwa watu kwa ng'ombe wa kuazima, si ataitwa maskini mpaka kaburini?"

"Silwal ni wangu. Nilimnunua mimi."

Wazee wawili waliokuwa mlangoni walitazamana. Mmoja akakohoa. Mwanamke kusema ng'ombe wa bomani ni wake, na maiti ya mwenye boma imelala pale pale, lilikuwa neno ambalo hata jirani hakupaswa kulisikia.

Agunda akachuchumaa mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya. "Yuora, si mimi niliyesema. Ni yeye. Ile jioni pale zizini. Alisema, 'Huyu nilimchagua kwa mkono wangu. Nilitafuta mgongo, nikatafuta mapaja. Wakija watu, mchinjeni huyu, Risper asiombe kwa mtu.' Alikumbuka ya Dorsila."

Dorsila alikuwa jirani yao wa bondeni. Mumewe alipokufa hapakuwa na hata mbuzi bomani, shemeji yake akatoa fahali wa matanga, na matanga yalipokwisha akachukua shamba la kando ya mto kuwa badala yake. Dorsila sasa analima vibarua katika udongo uliokuwa wake. Ojijo alikula nyama ile. Alirudi nyumbani siku hiyo hana raha, na Risper alidhani ni koo linaanza.

Sasa kila kitu kilimrudia kwa mpigo: ule mkono kwenye nundu, ile shibiri kiunoni, molasi, "ananenepa?" Hakuwa amesahau maziwa hukaa wapi. Alikuwa na akili zake zote siku ile, timamu kabisa, na alikuwa akichagua nyama ya mazishi yake mwenyewe kwa pesa ya mkewe, kwa mapenzi, bila kumuuliza. Risper alihisi hasira ambayo hakujua mjane anaruhusiwa kuwa nayo.

"Ngoja," alisema, akasimama.

"Mjane hatoki," mmoja wa wazee akasema.

Alitoka. Alichukua jagi jikoni, akapita katikati ya watu, akafika zizini. Alimfungulia ndama kwanza, kama desturi. Akamwachia anyonye mpaka maziwa yateremke, na safari hii hakumwondoa. Alikamua chuchu za upande mmoja, ndama akavuta za upande wa pili. Silwal alitafuna majani yake ya miwa, mkia ukifukuza nzi. Risper aliegemeza paji la uso ubavuni mwake, ule ubavu mpana aliounenepesha mwenyewe, akalia mpaka jagi likajaa. Kisha akamshika ndama shingoni, akamfunga nyuma ya jiko, na wanaume wakaingia na kamba.

Jagi hakulipeleka jikoni. Alilificha chini ya kitanda, akafunga mlango wa chumba.

Nyama ilikuwa nyingi. Werema alisema kweli, kazi ya pili Silwal aliifanya vizuri kuliko ya kwanza. Watu walisifu mafuta yake, wakasema Ojijo alikuwa mwanamume, amewaacha wameshiba. Risper akaletewa sahani, akaisukuma chini ya kiti.

Alasiri chai ilipomiminwa, Agunda alirudi tena mlangoni, kikombe mkononi, uso umemkunjamana.

"Yuora, Beverlyne anasema hakuna maziwa. Watu wanakunywa strungi. Matanga ya ndugu yangu, strungi?"

"Wanywe."

"Lakini si ulikamua asubuhi?"

"Nilikamua. Mlitaka nyama, mmekula. Maziwa yana mwenyewe."

Agunda akautazama uso wake. Akaenda na kikombe chake cha chai nyeusi.

Jua lilipokuwa linashuka Risper alitoka tena, na safari hii hakuna mzee aliyemwambia neno. Ngozi ya Silwal ilikuwa imewambwa chini kwa vigingi kando ya ua, upande wa manyoya ukiwa chini. Ndama alikuwa amekata kamba. Alikuwa amesimama katikati ya ngozi ile, miguu imelowa, anainusa, analia kwa sauti nyembamba, kisha anainusa tena.

Risper alipiga magoti matopeni. Alichovya vidole kwenye jagi, akamtia mdomoni. Ndama alikataa, akakataa, halafu njaa ikamshinda, akavinyonya vidole kwa nguvu mpaka vikauma. Akachovya tena. Maziwa yalikuwa ya mara moja tu, na wote wawili walikuwa wanayamaliza. Kesho angeanza maziwa ya pikipiki, nusu ng'ombe nusu mto, na ndama mdogo hivi hayawezi yale. Risper alilijua hilo. Aliendelea kuchovya mpaka jagi likabaki tupu.

Aliporudi ndani alikaa mahali pake kando ya jeneza, mkono umejaa mate ya ndama. Hakuupangusa. Aliuweka juu ya mbao, pale alipokadiria kifua kilipo.

"Ungeniuliza, Ojijo," alisema, na wanawake waliokuwa pale wakakatiza wimbo. "Ungeniuliza tu. Ningekwambia, waache waende na njaa."

Nje mtu aliuliza kama supu imebaki.