Kaa wa Lamis

Bi Fadhiya alikuwa barazani pake, Mji wa Kale, akichagua mchele, aliposikia kitu kikikwaruza. Akadhani ni panya. Kumbe sauti ilitoka tumboni mwa mjukuu wake Lamis, wa miaka minne, aliyekuwa akila mahamri kando yake.

Zahanati ikampa dawa ya minyoo. Ikampa mara tatu, miezi mitano ikapita, tumbo likawa gumu upande mmoja. Hospitalini, daktari wa upasuaji aitwaye Kadenge alisema ni saratani ya figo.

"La, mwanangu," Bi Fadhiya alimsahihisha kwa upole. "Saratani, nyota ya Kaa, ni mimi. Huyu ni Mizani. Nimemhesabia mwenyewe, jina lake na la mamake."

Kadenge aliweka sikio tumboni. "Kaa ndiye huyu, bibi. Mkubwa mno kumtoa leo. Dawa za kutiwa mshipani zitamsinyaza kwanza, kisha nimtoe mzima."

"Kwa kisu? Watu wasema kisu huieneza saratani."

"Akivunjikia ndani, ndiyo. Ndiyo maana sina pupa."

Bi Fadhiya, aliyepika kaa miaka hamsini, aliona huyu anajua kazi. "Basi mshike kwa nyuma," akamwambia. "Mbele atakubana."

Wiki sita baadaye kaa alikuwa kapungua, kutoka sahani hadi kisahani. Jumanne Kadenge akatoka na beseni: kaa mzima, magando mawili, miguu minane, kalikumbatia figo moja. Muuguzi Rispah aliihesabu miguu, kisha akamweka kaa kwenye mizani.

"Si nilisema?" akasema Bi Fadhiya. "Mizani."

"Kaa nimemtoa," akasema Kadenge. "Dawa ziendelee, zifuate mayai yake."

Lamis alipozinduka aliomba mahamri. Bi Fadhiya akapiga vigelegele, wodi nzima ikampokea, na kwa furaha akamsamehe hata yule panya asiyekuwako.

Siku ya kutoka, wiki iliyofuata, walipita penye benchi la wanaongoja. Chumba cha upasuaji wa watoto hufunguliwa Jumanne tu, na watoto pale walikuwa kumi na mmoja. Benchi zima lilikuwa likikwaruza.

"Wako alikuwa na nini, Bi?" akauliza Janet, mama kutoka Tudor, mwanawe mapajani.

"Kaa. Ila zahanati walituambia minyoo."

"Hata wangu, minyoo. Mara nne."

Bi Fadhiya alimpa mahamri yaliyobaki, akamwonyesha kwa vidole viwili jinsi kaa anavyoshikwa. Ilikuwa Jumatano.