Sikio la Upande wa Pili

Mimi nina hasira, nasema mapema ili asiyetaka kusikiliza aondoke. Nina hasira na Mwalimu Yohanes, nina hasira na manesi, nina hasira na mume wangu Kajetani walau mara mbili kwa wiki. Na kwa miaka mitatu nilikuwa na hasira na mkono wa kulia wa mwanangu, na hiyo ndiyo inayonichoma kuliko zote.

Naitwa Notburga. Hapa Mshangano wananiita Mama Careen. Careen ndiye mtoto wetu wa pekee. Nilimzalia kwa mama yangu, kijiji kimoja cha Namtumbo. Nesi alimwangalia macho, akamwangalia viganja, akaniambia mtoto ana Dauni Sindromu, kisha akaenda kunywa chai. Basi! Mama mkwe akasema ni mkosi wa ukoo wetu, kwao hakuna watu wa hivyo. Majirani wakasema mtindio wa ubongo. Kila mtu alikuwa na jina lake la kumpa mwanangu, na hakuna hata mmoja aliyekaa kitako akanieleza nifanye nini kesho yake asubuhi.

Tulimlea hivyo hivyo. Alichelewa kukaa, alichelewa kutembea, maneno yakaja machache. Lakini alipofika miaka sita alikuwa anajivalisha mwenyewe, anafagia uwanja, na kila kengele ya shule ikilia anakimbilia barazani. Shule tunaiona kutoka mlangoni kwetu, ni kuvuka tu shamba la mahindi la jirani. Watoto wakipanga mstari kule, na yeye anajipanga huku peke yake, kifua mbele. Mimi nilikuwa nikimwona hivyo najisikia vibaya mpaka naacha vyombo naingia ndani.

Basi Januari ile tukampeleka kumwandikisha. Cheti cha kuzaliwa hatukuwa nacho. Tulisema tutakata, tutakata, mwisho hatukukata. Kadi ya kliniki ilikuwepo, lakini paa lilivuja juu ya sanduku na wino wote ukayeyuka. Mwalimu Yohanes, mwalimu mkuu wetu, akaigeuza kadi mbele nyuma, akamtazama Careen alivyo mfupi, akasema, "Huyu ana miaka sita kweli?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hebu ashike sikio."

Wa umri wangu mnaijua hiyo. Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, anashika sikio la upande wa pili. Akilifikia, ametosha shule. Asipolifikia, arudi akale ugali. Mimi mwenyewe niliandikishwa kwa sikio. Siku hizi wanataka vyeti, lakini Mwalimu Yohanes ni mtu wa zamani, na usipokuwa na karatasi anarudi kwenye sikio lake.

Careen akapitisha mkono. Vidole vikaishia juu kidogo ya sikio. Mjanja yule, akalaza kichwa mpaka sikio likafuata mkono lenyewe! Nilitaka kumpigia makofi. Mwalimu akamnyoosha shingo. "Bado," akasema. "Mleteni mwakani."

Mwakani tukamleta. Bado. Mwaka uliofuata tukamleta. Bado.

Sasa nisikilizeni tulichofanya sisi wazazi wenye akili timamu. Tulimvuta mkono. Kila asubuhi, kabla ya uji, Kajetani anamketisha kwenye kigoda, mimi nampaka mafuta begani, baba yake anavuta. "Vuka kichwa, mama, vuka!" Careen analia, anapewa pipi, ananyamaza. Jioni baba yake akirudi kutoka kwenye makochi (mume wangu ni fundi wa makochi Bombambili) anavuta tena. Siku nyingine mimi nilimfokea mtoto. Nilimwambia, "Wenzako wote wanaweza, wewe kwa nini hutaki?" Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilimpeleka hospitali, kwenye mazoezi ya viungo. Tumekaa kwenye benchi tunasubiri foleni, nikaona bora nitumie muda, nikaanza kumvuta. Pembeni yetu alikuwa baba mmoja mwenye kofia ya kufuma, ana kijana wake ambaye nilimjua mara moja kwa macho na kwa shingo. Ni kama Careen, ila mkubwa.

"Mama, samahani," akasema yule baba. "Mtoto ameteguka?"

Nikamweleza habari ya sikio. Akacheka. Akacheka sana, halafu akaona uso wangu akaacha.

"Astaghafirullah, nisamehe, dada yangu. Hawa watoto wetu mikono yao ni mifupi. Ndivyo walivyoumbwa. Huyu Daimu wangu ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la tatu, na sikio hajalishika mpaka leo. Huyo mwalimu wako atamngoja mpaka aote mvi!"

Akamwita Daimu, akamwambia ajaribu. Kijana akapitisha mkono, vidole vikaishia pale pale vinapoishia vya Careen.

Nilimshika Careen bega nikahisi lilivyo dogo, na nilitamani kujipiga. Miaka tisa nahudhuria kliniki! Miaka tisa wanapima uzito, wanaandika, wanasema "mama mwingine," na hakuna mtu aliyefungua mdomo kuniambia mkono wa mwanangu ni mfupi na utabaki mfupi. Nimekuja kuambiwa na muuza mitumba kwenye benchi.

Jina lake Abuu, mtu wa Tunduru, ana duka la mitumba Bombambili. Aliniambia Jumamosi alasiri wazazi watano hivi wanakaa dukani kwake, wanazungumza. Nikamuuliza kikundi chao kinaitwaje. "Hakina jina," akasema. "Tulikwenda kukiandikisha, ofisa akatuuliza mradi wetu ni kuku au nguruwe. Nikamwambia mradi wetu ni kuzungumza. Akasema huo siyo mradi. Nguruwe! Mimi, Abuu!"

Nilipomwambia Kajetani, alinuna. "Niache kazi niende kukaa na watu wanaolialia?"

"Wewe unalia?"

"Silii."

"Basi twende ukawaonyeshe."

Tulikaa juu ya marobota ya nguo. Walikuwepo Abuu na mkewe Mwanaisha, mama mmoja mwalimu aliyehamia kutoka Mwanza, na wazee wawili wanaomlea mjukuu. Walizungumza mambo ya kawaida tu. Ulimi unaotoka nje, mafua yasiyoisha, shemeji anayeficha watoto wake wasicheze na wako. Mimi nilisema mengi, mnanijua. Kajetani alikaa anachunguza mshono wa robota. Mwanaisha akamuuliza, "Na baba Careen, wewe unaendeleaje?"

Miaka tisa hakuna mtu aliyemuuliza hivyo mume wangu. Hata mimi sikuwahi.

Akasema, bila kuinua uso, "Mimi ndiye navuta mkono. Mama yake anapaka mafuta, lakini mvutaji ni mimi. Kuna siku nilisikia bega limelia, nikampa pipi mbili." Akavuta uzi wa mshono. "Akiniona nabeba kigoda, anaanza kulia kabla sijamgusa."

Abuu akamwekea mkono mgongoni. Kajetani akalia palepale mbele ya watu, yeye asiyelia, na mimi nikalia kwa kuwa niliona hasira zangu zote nilikuwa nimezipeleka kwa mtu aliyekuwa anaumia kama mimi. Jioni hiyo alikipasua kile kigoda akakitia jikoni tukapikia maharage.

Ni Abuu tena aliyetuuliza, "Ninyi Wakatoliki si mnaandika tarehe ya kuzaliwa kwenye ubatizo?"

Mwee! Nilitamani ardhi inimeze. Careen alibatizwa ana wiki tatu. Kitabu kiko parokiani Namtumbo, na sisi miaka yote tunavuta mkono. Kajetani akachukua pikipiki siku iliyofuata, akarudi na karatasi ina muhuri.

Shule ilipofunguliwa Januari tulikwenda wanne: mimi, Kajetani, Careen na sare yake aliyoshona baba yake, na Abuu aliyefunga duka kwa ajili yetu. Mvua ilikuwa imenyesha, tumejaa tope mpaka magotini.

"Karibuni," akasema Mwalimu Yohanes. "Haya Careen, hebu tuone sikio."

"Hapana, Mwalimu," akasema Kajetani. "Leo hatushiki sikio." Akaweka karatasi mezani.

Abuu akaeleza kwa adabu habari ya mikono mifupi. Mwalimu akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema kumbe, hilo hakulijua. Akavaa miwani akaisoma karatasi. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Lakini huyu ana miaka tisa na miezi minne."

"Ndiyo," nikasema. "Ndicho nilichokuambia miaka yote."

"Amepitiliza, mama. Darasa la kwanza siyo la miaka tisa. Huyu tumtafutie mpango wa wale waliokosa shule."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Amekosaje shule? Si wewe uliyemrudisha?"

"Mama Careen, usipandishe sauti."

"Napandisha! Mwaka wa kwanza mdogo, mwaka wa pili mdogo, mwaka wa tatu mdogo, leo mkubwa! Huo mwaka aliokuwa anatosha ulipita lini, Mwalimu? Ulipita usiku tumelala?"

"Taratibu siyo zangu."

"Na sikio ni taratibu ya nani?"

Akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Abuu alikuwa ananiambia taratibu, dada, taratibu, na Kajetani amesimama ameshika kofia. Kengele ikalia. Hapo ndipo nilipotazama chini nikaona Careen hayupo.

Tulitoka mbio. Niliogopa barabara, niliogopa kisima. Uwanja ulikuwa mtupu, watoto wameshaingia. Kajetani ndiye aliyemwona kupitia dirishani, akaniita kwa mkono bila kusema.

Alikuwa darasa la kwanza, dawati la pili, katikati ya wasichana wawili. Mgongo umenyooka, mikono juu ya dawati, mdomo ameufunga vizuri kama tulivyomfundisha. Mwalimu wa darasa, binti mdogo anaitwa Imaculata, alikuwa anaandika tarehe ubaoni, wala hakuwa na shida naye.

Mwalimu Yohanes akafika nyuma yetu anahema. "Mtoeni," akasema.

Kajetani hakusogea. Mimi nikasema, "Mtoe wewe, Mwalimu."

Alinitazama. Akaingia. Na alipokanyaga tu mlangoni, darasa zima likainuka kwa kishindo, kama darasa lolote linavyofanya mwalimu akiingia, na Careen akainuka nao.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Sauti yake ilichelewa kidogo, ikaja peke yake baada ya wenzake kumaliza. "Kamoo, Mwaimu!" Watoto wawili watatu wakacheka. Msichana wa kushoto kwake akawakazia macho.

"Marahaba," akasema Mwalimu Yohanes, maana angesema nini? Alisimama pale. Watoto nao wamesimama, wanamngoja, hakuna anayekaa mpaka mwalimu aseme. Mwalimu Imaculata ameshika chaki. Nilimwona mzee yule anamtazama Careen, anatazama mlango, anatutazama sisi na tope letu.

"Kaeni," akasema.

Wakakaa. Careen akakaa.

Ofisini aliandika jina lake kwenye daftari la uandikishaji bila kuniangalia. Mwezi mmoja, akasema, wa majaribio, wamwone anavyokwenda. Majina sabini na moja juu yake yalikuwa ya wino. La mwanangu aliliandika kwa penseli.

Niliuliza kwa nini. Akasema ni kwa muda tu, mama, usitafute maneno. Abuu akanikonyeza ninyamaze, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikanyamaza.

Nje Abuu akaenda zake dukani. Kajetani akasema twende, nina kochi la watu. Nikamwambia atangulie. Akasimama kidogo, akaondoka, halafu akarudi akakaa kando yangu chini ya dirisha la darasa la kwanza, kwenye ukuta wenye maji. Kochi la watu likangoja. Tulikaa pale mpaka saa nne, tunasikiliza wanavyoimba a-e-i-o-u na sauti moja inayochelewa nyuma. Penseli inafutwa na yeyote, wakati wowote, na mimi nimechoka kurudi nyumbani na mwanangu mkononi.