Sita Juu

Nasema ukweli: Sifael nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Mimi, Shamsudin, fundi saa wa Daraja Mbili miaka thelathini na moja, nishindwe na mchora mabango!

Kamati ya soko jipya la Moshono ilitaka saa kubwa ya ukutani. Mashine ilikuwepo, ulibaki uso tu, mimi na Sifael tukaambiwa kila mmoja achore wake. Wangu ulikuwa uso hasa. Namba za Kirumi, na nne nimeiandika kwa vijiti vinne, IIII, kama mafundi wengi wa zamani, ilingane na ile VIII nzito ya upande wa pili. Nani mwingine pale anayajua hayo? Hakuna!

Sifael akaleta wake. Juu kabisa, mahali pa kumi na mbili, kaandika sita. Chini, mahali pa sita, kumi na mbili. Namba zote kazihamishia ng'ambo, ili ikifika saa nne asubuhi mshale mfupi uelekee kwenye nne yenyewe.

"Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza," akasema, kwa upole wake ule wa kuudhi. "Kwa nini mtu aone kumi, halafu atamke nne?"

Mwenyekiti wa kamati, mama Elizabeth, akapiga makofi. Wakauchagua palepale. Wangu wakasema ni mzuri, utawekwa ofisini. Ofisini, jamani! Wazo lenyewe jepesi kiasi kile, na miaka yote hiyo halikunijia. Hilo ndilo lililoniunguza.

Nyumbani nikamwaga yote kwa mke wangu, Arafa. "Atawachanganya watu! Hakuna mwenye akili zake atakayeisoma saa ile."

Arafa aliendelea kuchambua mchele. "Sasa hivi saa ngapi, baba Ummy?"

Ukuta wetu umejaa saa, lakini tangu tuoane huniuliza mimi. Nikamjibu, roho ikatulia kidogo. Angalau kuna mtu mmoja ambaye kwake fundi ni mimi.

Siku ya uzinduzi mama Elizabeth akaniomba nipande kuseti mishale, kwa heshima ya umri. Nikapanda ngazi kifua mbele. Watu wamejaa chini, Arafa naye kasimama kwenye meza ya Simaloi, muuza nyanya. Nikatazama simu: saa nne kamili. Mkono ukafanya ulichozoea. Saa nne, tafuta kumi. Nikaiona kumi, mshale mfupi nikauelekeza hapo, mrefu juu, nikageuka nipigiwe makofi.

Wakaangua kicheko.

"Fundi!" Simaloi akapaza sauti. "Saa kumi hii? Mbona hata chai sijanywa?"

Nikatamani ngazi inimeze. Soko zima, aliyechanganyikiwa ni mimi peke yangu. Sifael hakucheka. Alikuwa kanishikia ngazi.

"Usijali, mzee wangu," akasema taratibu. "Hata mimi nyumbani nilikosea mara tatu."

Bora angecheka! Nikarekebisha mshale, nikashuka, nikamwambia Arafa twende. Hakusogea. Alikuwa anautazama ule ukuta, midomo ikimcheza.

"Saa nne na kidogo," akasema. "Nimepatia?"

"Umepatia."

Akatabasamu mpaka macho yakalowa. "Zile zako sijawahi kuzielewa, baba Ummy. Nilikuwa naona aibu, mke wa fundi saa! Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza wewe."

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani ndipo nikaumeza wivu wangu.

"Basi nitakuchorea moja kama ile," nikamwambia. "Sita juu."

Arafa akanishika mkono, kwa huruma kabisa.

"Usijisumbue, mume wangu," akasema. "Nimeshamwagiza Sifael."