Mkono wa Kushoto Umeshonewa

Bi Mkasi alijifungia chooni mwenyewe, tena kwa mkono ambao hakutakiwa kuutumia. Naanza hapo makusudi, kwa sababu yeye akisimulia huanza na kiharusi, apate kuonewa huruma kwanza.

Kiharusi chenyewe kilimpiga miezi minne nyuma, akiwa amesimama mezani na mkasi mkononi. Mdomo uliopinda ulinyooka, mguu ukarudi ukichechemea, ila mkono wa kulia ukagoma. Vidole viwili tu, gumba na cha shahada, viliitika vikiitwa, navyo kwa shingo upande. Sasa, kwa mtu mwingine huo ni mkono mbovu, basi, maisha yanaendelea. Lakini huyu alikuwa amekata vitambaa vya watu miaka thelathini na moja bila kuchora hata mstari mmoja wa chaki, mpaka jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kadi ya kliniki tu. Binti yake wa pekee alishona vizuri, hakuna ubishi, lakini kukata kulikuwa kwa mama. Bila mkono ule, Bi Mkasi alikuwa mgeni kwenye duka lake mwenyewe.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale kliniki alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, na Bi Mkasi hakukawia kumbandika jina la Sajini. Sajini alianza na kioo. Alikisimamisha katikati ya mikono miwili, ili mgonjwa akichezesha wa kushoto aone kama wa kulia ndio unacheza, na ubongo ushawishike. Bi Mkasi alitazama kidogo akasema, "Mwanangu, mimi nimewasimamisha watu mbele ya kioo maisha yangu yote nikiwaambia wamependeza. Najua kinavyodanganya."

Sajini hakucheka. "Basi tutaufunga wa kushoto," alisema. "Kila ukitaka kitu unamtuma huyo, na mwenzake anazidi kulala. Wiki mbili, mchana kutwa, huyo mzima anakaa ndani ya glavu. Wa kulia utake usitake utafanya kazi. Hakuna kidonge hapa, hakuna sindano." Akampa glavu nene iliyojazwa sponji, haina vidole, yenye mkanda wa kunata. Akamwonya kwamba aivue akioga, akikaribia moto, na popote anapoona hatari.

Siku ya kwanza Bi Mkasi aliivua mara sita kwa meno. Mara anawashwa mgongo, mara chai inapoa, mara nzi. Jioni alijionea aibu, akamwambia binti, "Hii glavu nishonee."

"Nikushonee wapi?"

"Kwenye gauni langu la kazi. Nisiweze kuivua."

Watu wengine wangeongeza kamba wakalala. Hawa ni mafundi bwana, wakaifanya kazi kifundi. Kila asubuhi binti alishona glavu kwenye mkono wa gauni, uzi mara mbili ukipanda na mkono wa gauni, fundo limefichwa chini karibu na kwapa ambako meno hayafiki. Gauni lenyewe lilifungwa vifungo mgongoni. Kila jioni alifumua. Sajini hawakumwambia, maana walijua fika angesema nini. Na asubuhi zile zilimpendeza Bi Mkasi kuliko kitu chochote tangu augue. Alikaa kwenye kigoda, amenyoosha mkono, binti ameinama na sindano, wala hawazungumzi. Alijiona anaandaliwa kurudi kazini.

Siku ya tisa ya kushonewa, baada ya chakula cha mchana, binti alitoka kwenda kutafuta vifungo. Bi Mkasi akaenda chooni.

Choo kilikuwa nyuma ya duka, kimetengwa kwa ubao mwembamba, na mlango wake una komeo la chuma lililowekwa juu, usawa wa paji la uso, na fundi asiyejua watu wana kimo tofauti. Bi Mkasi aliingia, akalipiga komeo kwa ile ngumi ya sponji kama alivyozoea kulipiga kwa kiganja. Likaingia lote. Alipomaliza haja zake, na hayo mengine alishajifunza kuyamudu, akageuka kutoka, ndipo akaelewa alichofanya.

Kulisukuma komeo, hata kiwiko kinatosha. Kulirudisha kunataka vidole viwili vishike kile kijichwa kidogo na kuvuta. Glavu iliteleza juu yake. Alijaribu meno, hayakufika. Alijaribu kung'ata ule mshono, akaishia kulamba kitambaa. Ushonaji ulikuwa safi, hauna pa kuanzia. Ndivyo alivyomfundisha binti mwenyewe.

Ukabaki wa kulia. Aliuinua, ukafika kifuani, ukakataa. Akauinua tena. Jasho likaanza kumtiririka mgongoni, mahali asipoweza hata kujipangusa. Choo hakikuwa na dirisha ila tundu moja karibu na dari. Simu ilikuwa mezani dukani. Alitaka kupiga kelele, na angepiga, kama asingesikia sauti ya mtu upande wa pili wa ubao.

"Hodi wenyewe. Fundi?"

Alikuwa ni Mwalimu, mteja wake wa miaka ishirini. Kiti kikalia, amekaa, anangoja. Sema basi, wewe mwanamke, ita, ufunguliwe. Wapi. Bi Mkasi alijifikiria akitolewa chooni na Mwalimu, gauni limelowa jasho, ngumi imevimba kama ya bondia, akaona bora afie humo. Akafunga mdomo. Alihisi kuta zinamsogelea. Aliogopa vibaya sana, woga ule wa hospitali, alipoamka akauamuru mkono wake uje na mkono ukamtazama tu.

Akajipiga moyo konde. Aliegemeza kiwiko cha kulia kwenye mlango, akakisukuma juu kwa ngumi ya glavu, shibiri moja, akapumzika, shibiri nyingine. Kidole cha shahada kikagusa chuma. Gumba likakitafuta, likapotea, likarudi. Vikabana. Vikateleza. Mkono wote ukaanguka na kumgonga pajani, akaanza upya kutoka chini. Mara ya ngapi hakumbuki. Alilia kidogo, bila sauti, akaendelea.

Alikuwa amekifikia kile kijichwa tena aliposikia hatua za binti yake.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani, nilitoka mara moja."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Atakuwa kapumzika chumbani."

"Msimwamshe. Nimeleta kitambaa cha harusi ya mwanangu. Kimetosha kwa kubanabana, hakina ziada hata ya kushonea mfuko. Nataka akate yeye. Harusi bado miezi mitatu, mimi nitangoja."

Ndani ya choo Bi Mkasi aliacha kuhema. Miezi mitatu. Miezi mitatu ilikuwa mingi, alikuwa tayari anahesabu.

"Usingoje, Mwalimu," binti alisema taratibu.

"Kwani haendelei na mazoezi?"

"Anaendelea. Lakini ule mkono haurudi. Namwacha tu, asikae bure. Nitakukatia mimi, tena nguo zote za miezi hii minne nimekata mimi."

Vidole viwili vilibana. Sijui ni hasira, sijui ni nini, yeye mwenyewe hasemi. Komeo lilitoka nusu, likakwama, likatoka lote. Mlango ukaachia upenyo wa kidole kimoja na hewa ya duka ikaingia.

Hakutoka. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia miguu ilikuwa imechoka. Alisimama hapo mlango ukiwa wazi, akasikiliza kitambaa kikifunuliwa mezani, vipimo vikisomwa, Mwalimu akishukuru kwa sauti ya mtu asiyeridhika, kisha akiaga. Alipoondoka ndipo Bi Mkasi akausukuma mlango kwa bega.

Binti aliinua uso kutoka kwenye kitambaa alichokwisha kukichora, chaki mkononi, futi ikiwa shingoni. "Mama? Ulikuwa wapi?"

"Chooni. Tangu ulipotoka."

Binti akatazama glavu. Akaenda akatazama komeo. "Nani kakufungulia?"

Bi Mkasi aliinua mkono wa kulia. Ulifika kifuani. Uso wa binti ulianza kufunguka kwa furaha, kisha ukafifia.

"Umesikia."

"Ule ni ubao, si ukuta." Bi Mkasi alikaa kwenye kigoda. "Nijibu kitu kimoja. Kama unajua hautarudi, siku tisa hizi ulikuwa unanishonea nini?"

Angeweza kudanganya, na mama yake angepokea, maana mzazi akitaka kudanganywa hana mpinzani. Lakini binti alikuwa amechoka, miezi minne kazi za watu wawili.

"Ukishonewa huji mezani," alisema. "Lile gauni la nesi ulilolikata kwa kushoto, uliliharibu, mama. Nilizunguka siku mbili kutafuta kitambaa kama kile. Sikukwambia. Uliposema nikushonee nikashukuru. Nikajua nguo za watu zimepona."

Siku ya kiharusi Bi Mkasi hakusikia maumivu yoyote, alianguka tu. Haya aliyasikia yote. Asubuhi tisa amenyoosha mkono kama mtoto anayevalishwa, kumbe anafungiwa nje ya meza yake.

"Fumua," alisema.

Binti alipiga magoti, akafumua. Machozi yalimdondokea kwenye uzi na hakuyafuta. Mkono wa kushoto ulitoka umekunjamana, mweupe kwa jasho. Bi Mkasi aliunyoosha, akavikunja vidole vyote vitano, vizima, vyepesi, vinavyojua kila kitu. Kisha akasimama, akaiweka glavu mezani juu ya kitambaa cha Mwalimu, katikati ya mistari ya chaki, akauingiza mkono ule ndani tena. Akaanza kuuvuta mkanda kwa wa kulia.

Mkanda ulimponyoka. Binti akanyoosha mikono kumsaidia.

"Kaa."

"Mama, nisamehe."

"Kaa hapo kwenye kigoda. Mwalimu kasema atangoja. Nikimaliza hapa utamkimbilia umwambie angoje."

Binti alikaa. Mkanda ulishikwa, ukaponyoka, ukashikwa. Kila mara mikono ya binti ilinyanyuka yenyewe kutoka mapajani na kila mara aliirudisha. Ilichukua muda mrefu, na alikaa pale pale akaangalia mpaka mwisho.