Sanduku la Mama na Diski za Blaise

Mume wangu Blaise ana ugonjwa wa vitu vinavyong'aa. Siku ile alininyooshea simu hadi puani, nilione kasha la kompyuta alilotaka kuagiza kutoka Goma: ubavu wa kioo, taa nyekundu, kijani na zambarau.

"Linaingia diski ngapi?" nilimwuliza.

Akakohoa. "Mbili."

Mbili! Na sisi tuna nane, zimelala wazi mezani, nyaya huku na huku, ndiyo seva yetu ya nyumbani hiyo. Blaise anapiga video za harusi hapa Kindu. Nusu ya maharusi wa mji wamo ndani ya diski zile, hata walioachana. Vumbi linaziingia, joto linazidi, na wiki ile moja ilianza kugonga kwa ndani. Tuliwahi kuhamisha vilivyokuwemo, lakini niliogopa kweli. Zikifa zote, watu tungewaambia nini?

Nikachukua utepe wa cherehani, nikazipima pamoja na feni zake. Kisha nikalipima sanduku la bati la mama yangu, anayekaa nasi. Zilienea, na nafasi ikabaki. Lilihitaji matundu tu: upepo uingie ubavu huu, utokee ule, na mengine chini.

Kazi ilikuwa kuomba. Sisi ni watu wa Kasai, marehemu baba aliletwa Kindu na kazi ya reli, na kwetu mwanamume hamsogelei mama mkwe wake wala hasemi naye ana kwa ana. Basi Blaise akasimama nyuma ya mlango, mama akakaa jikoni, mimi katikati kama simu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Mama, Blaise anaomba sanduku lako aweke diski. Atalitoboa matundu."

Mama akaacha kuchambua mchele.

"Ntumba, ambia bwana yako, ile sanduku njo ilichunga vitu yetu wakati ya vita. Tulipaka mawese kwa kifuniko, tukaizika nyuma ya nyumba, tukakimbilia Kailo. Tuliporudia, nyumba ilikuwa tupu, lakini picha ya baba yako haikuguswa na maji. Sasa mukiitoboa, siku tutakimbia tena, nitazika nini?"

Hadithi hiyo naijua tangu utotoni. Nilichokuwa sijui ni kwamba, miaka yote hii, mama yangu alikuwa bado amefunga mizigo. Moyo uliniuma. Nikamwambia Blaise aagize tu kioo chake.

Jumapili tuliporudi kutoka misa, mama, aliyetangulia kufika, alikuwa uani. Sanduku alikuwa amelipindua, vitu vyake vyote viko kitandani, na mkononi ana nyundo na misumari.

"Uliza bwana yako. Na chini pia?"

"Na chini, Mama!" akajibu Blaise mwenyewe, aliyejificha nyuma ya kona ya nyumba.

Mama akajifanya hakusikia. Ikabidi nirudie: "Na chini, Mama."

Akaweka msumari, akapiga. Akainama, akachungulia kwenye tundu.

"Haiko tena ya kuzika," akasema, akacheka. Mimi nikalia, tena waziwazi, wala sikujificha.

Jioni diski zote zilikuwa ndani, feni zinavuma, na mama anaweka kiganja kwenye matundu kuhisi upepo unavyotoka. Blaise naye, hakosi, alikuwa amechomeka kijitaa cha zambarau humo ndani. Nikamwachia.

Kitandani ilibaki picha ya baba, amevaa kofia yake ya reli. Tangu vita sikuwahi kuiona nje ya sanduku zaidi ya dakika chache.

"Na hii, Mama, tutaiweka wapi?"

Akaokota msumari mmoja kati ya iliyobaki.

"Kwa ukuta. Baba yako amekaa sana mu giza. Leta kiti."