Wapangaji Wasiokohoa

Umeme ulikatika saa kumi alasiri, Isoken akiwa katikati ya kushona mkono wa gauni. Hakulaani wala hakuinua macho. Alimwambia binti yake, Ivie, ajifunike pua kwa kitambaa, kisha akatoka koridoni kuvuta kamba ya jenereta. Ilikuwa jenereta ndogo, ya kubeba kwa mkono mmoja, imefungwa mnyororo kwenye nondo za mlango kama mbuzi mkorofi. Milango minane ya nyumba ile ilitazamana, na mbele ya kila mlango jenereta nyingine ikaanza kunguruma.

Kuziweka uani kulikatazwa. Bwana Ighodaro, mwenye nyumba, alikuwa ametandaza uani vigae vyekundu vya kuegeshea gari lake, na jenereta hudondosha oili. "Doa la oili halitoki," huwaambia wapangaji wapya kabla hata hajawaonyesha choo. Hapa Uselu, mjini Benin, kodi hulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mtu aliyekwisha kulipa hana ubavu wa kubishana na vigae.

Jumapili moja ya mvua, familia ya chumba cha mkabala ilikufa. Walikuwa wanatazama mpira, mlango wa korido umefungwa ili maji yasiingie, moshi ukawakuta wamekaa vivyo hivyo. Jumatatu asubuhi baba wa familia hiyo, Baba Eki, alikwenda kazini kuchomelea mageti kama kawaida. Mkewe alitoka na beseni lake la kunde, akamkuta Isoken bombani.

"Mama Ivie, umeamkaje? Sisi mwenzio tulikufa jana."

"Poleni jamani! Wote?"

"Wote, mpaka Eki. Hata mechi hatukuimaliza. Nani kashinda?"

"Walitoka sare."

"Afadhali," akasema Mama Eki, akainama kuosha kunde zake.

Tangu siku hiyo akara zake, zile bajia za kunde alizouza, zilizidi chumvi, maana hakuweza tena kuonja. Wateja walinung'unika na wakaendelea kununua.

Isoken ndiye aliyeingiwa na hofu. Ivie alikuwa na pumu. Kila jenereta zilipowaka, kifua chake kilipiga miluzi, na Isoken hakuwa na mtoto mwingine. Akaenda kumkabili mwenye nyumba, akamkuta anafuta vumbi kwenye gari.

"Mzee, tupe hata kona moja ya uani. Watu wamekufa humu ndani."

"Nani kakataa kwamba wamekufa?" Bwana Ighodaro akapaza sauti. "Baba Eki! Hebu njoo. Una malalamiko yoyote?"

Baba Eki alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana, Mzee. Sina."

"Umemsikia? Aliyekufa mwenyewe hana neno, wewe mzima ndiyo unanipigia kelele!"

Ukweli ni kwamba Bwana Ighodaro aliwapenda. Hawakujaza choo, hawakudai dari inayovuja, hawakuomba kupunguziwa kodi. Kabla mvua hazijaisha, vyumba vyote saba vya majirani vikawa vimekufa, kimoja baada ya kingine, na kila mmoja aliendelea na kazi yake mjini bila bosi wake kuona tofauti. Jioni umeme uliporudi, mtaa mzima ulipiga kelele za shangwe, kama ilivyo desturi. Katika nyumba ya Bwana Ighodaro ilisikika sauti ya Ivie peke yake, ikafuatwa na kikohozi chake.

Isoken akapiga moyo konde, akaifungua jenereta yake mnyororo na kuipeleka uani ikiwa inawaka. Hakumaliza hata kukunja mnyororo. Baba Eki na majirani wawili waliibeba kuirudisha koridoni, wakiwa wameishika kwenye bomba la moshi kwa viganja vitupu. Ngozi iliungua, nao hawakukunja uso.

"Kanuni ni kanuni, Mama Ivie," akasema Baba Eki kwa upole. "Usituchukie."

Isoken akaacha kuiwasha jenereta yake. Akashonea dirishani hadi jua kuzama, lakini zile saba ziliendelea kunguruma, kwa sababu majirani walipenda mpira sasa kuliko walipokuwa hai.

Ijumaa ilimlazimu kupeleka nguo za harusi ng'ambo ya mji. Alimwacha Ivie barazani, akamwonya asikanyage ndani umeme ukikatika. Mvua ikamkuta Isoken njiani, nzito, na magari yakakwama. Aliporudi, baraza ilikuwa tupu na mlango wa korido umefungwa. Akausukuma kwa bega. Mama Eki alikuwa amesimama katikati ya moshi, taulo mkononi.

"Usiwe na wasiwasi, mwenzangu, nimemwingiza ndani. Alikuwa analowa, na kifua chake unakijua."

Ivie alikuwa amekaa kitandani, nywele zimesukwa vizuri.

"Mama," akasema, "sikohoi tena."

Isoken alimwekea sikio kifuani. Alikaa hivyo muda mrefu, akihamisha sikio kushoto na kulia, mpaka Ivie akacheka na kusema anamtekenya. Ndipo Isoken akalia, kwa uchungu ambao hakujua kwamba mwili wa mtu mmoja unaweza kuubeba. Majirani walizima jenereta zao kwa heshima. Baada ya muda waliziwasha tena, maana mechi ilikuwa inaanza.

Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi Isoken alikaa kwenye cherehani kushona sare. Nje, Bwana Ighodaro alisugua vigae vyake kwa sabuni huku akipiga mluzi. Kila mwaka sketi ya Ivie ilishonwa na pindo pana, vidole vinne, la kufumuliwa mtoto akirefuka. Isoken alimsimamisha Ivie mbele yake, akapima mpaka magotini, akatia alama kwa chaki. Kisha akachukua mkasi na kukikata kitambaa chote kilichozidi.