Koma ya Katana

Kaka yangu Kombe ni mtu wa kusumbua wafu. Mafundi cherehani wengine wakiletewa kitambaa hushona, wakamaliza. Kwake yeye, mteja akija kupimwa suruali huulizwa kwanza babu yake alizikwa wapi na bibi yake aliolewa kutoka mbari gani. Wengine wamehamia kwa mafundi wengine kwa sababu hiyo, nami siwalaumu. Ila nisijifanye mwema, maana ugonjwa huo tunao sote wawili. Mimi nauza mahamri sokoni Garsen, na mzee yeyote wa Kigiriama akikaa kwenye benchi langu hainuki mpaka amenitajia baba zake.

Mwaka wa Elnino, mto Tana ulipomeza mashamba, tulihamishiwa mwinukoni karibu na mji pamoja na mama yetu Kanze. Barabara zilikatika, tukawa tunalishwa mahindi ya msaada. Watu walikufa kwa malaria, wengine walikaa tu wakitazama maji. Mimi na Kombe tulitandika mkeka tukaupanga ukoo wetu wote: punje ya mahindi kwa mwanamume, kunde kwa mwanamke. Mama alitugombeza kwamba chakula si cha kuchezea. Kombe akamwambia kwamba hatuchezi, tunaamkia wazee. Mama akasonya akaenda zake kutazama mto. Siku zile alikuwa hatoki pale ukingoni, nasi tulidhani ni uchungu wa shamba.

Sasa, kwetu jina halitolewi hewani. Mwana wa kwanza wa kiume hupokea jina la babu mzaa baba, na wa pili hupokea la ndugu ya babu. Ndiyo maana ukimjua mtu jina, umeshajua nusu ya nyumba yao. Baba yetu, marehemu Dzombo, alikuwa mwana wa Katana. Kombe alikuwa anaiweka punje yake mwenyewe chini ya punje ya baba, mkono ukasimama.

"Jumwa, mimi ndiye wa kwanza kwa mama?"

"Hata viatu vyako nilirithi mimi. Nani mwingine?"

"Basi mbona mimi ni Kombe? Kombe ni nduguye babu. Katana yuko wapi?"

Jamani! Ukoo wa watu wa mbali tuliujua mpaka vilema vyao, na pengo la nyumbani kwetu tulilikalia miaka yote kama kigoda. Nilimtania kwamba labda baba alikosea kuhesabu, lakini hata mimi sikucheka.

Mama hatukumuuliza. Maji yalipopungua kidogo tulivushwa kwa mtumbwi mpaka kwa Shangazi Dama, dada yake baba, aliyekuwa akiishi karibu na Ngao. Hata hatujakaa vizuri akatuuliza, "Mekatana hajambo?" Mekatana, yaani mama yake Katana. Hapa Garsen watu wote walimwita Mekombe. Shangazi alipoona tumeduwaa alijifunika uso kwa leso akalia, kisha akatueleza. Katika mafuriko ya mwaka sitini na moja, baba akiwa kazini Malindi, mama alizingirwa na maji nyumbani. Alimweka Katana, mtoto wa miaka mitatu, juu ya paa la makuti, yeye akiwa na mimba ya Kombe. Alipokuwa akijaribu kupanda, paa likang'oka likaenda na mtoto. Mama aliliona mpaka likapinda kona. Maiti haikupatikana. Baba alikataza jina lile lisitajwe tena nyumbani ili mkewe asirukwe na akili.

Tulirudi Garsen. Baadaye tukaanza kuuliza. Mimi niliwauliza hata wafugaji wa Kiorma wanaonunua mahamri kwangu, hasa Sadik, mchuuzi wa ng'ombe, kama wazee wao waliwahi kusikia habari ya mtoto wa Kigiriama aliyechukuliwa na maji juu ya paa. Sadik alisema atauliza huko juu mtoni, upande wa Madogo. Miezi ikapita, barabara ya Madogo bado mbovu, hakuna jibu.

Kombe hakuweza kungoja. Mtu aliyekufa bila kuwekewa koma, alisema, hana pa kukaa, na asiye na pa kukaa huja kuwasumbua waliobaki. Koma ni kigogo kifupi cha mti mgumu, unakisimamisha penye nyumba, ukakifunga kitambaa, ukawa unamnywesha marehemu na kuzungumza naye. Tulimwendea mama kwa adabu zote. Alipolisikia lile jina alikaa chini papo hapo mavumbini.

Alitukatalia. Koma ni ya mfu, alisema, na yeye hakuona maiti. Kumbe pale ukingoni alikuwa anangoja. Miaka yote ile, kila maji yalipojaa, mama yangu alikwenda kuangalia kama mto utamrudishia mtoto. Nilipojua hivyo nililia mpaka nikashindwa kukanda unga. Kombe naye akazidi kumbembeleza: mama, miaka thelathini na saba, mtoto wa miaka mitatu, maji yale; mpumzishe, nawe upumzike. Nami nikatia maneno yangu. Siku moja akasema tu, "Haya, kichongeni."

Tulikisimamisha mbele ya nyumba mpya tuliyojenga pale mwinukoni. Mama aliangua kilio ambacho sijawahi kukisikia kikitoka kwa mtu. Alimlilia mwanawe kama aliyekufa asubuhi ile. Wanawake walimshika, wakamkalia matanga siku zote zinazotakiwa. Na baadaye, niamini, mama alipona. Alilala usingizi. Alikula. Mtoni hakwenda tena. Kila asubuhi alichukua kata ya maji, akachuchumaa mbele ya koma, akamsalimu mwanawe na kumpa habari za mahindi na mbuzi. Alinicheka nilipounguza mahamri, na mimi kucheka kwa mama nilikuwa sijakuzoea. Kombe alitembea kifua mbele, na kwa mara ya kwanza sikumkejeli.

Kisha Sadik akaja na mgeni.

Alikuwa mtu mrefu wa makamo, kavaa kikoi na kofia, fimbo ya kuchungia mkononi. Jina lake Guracha, kutoka Madogo. Sadik alieleza kila kitu pale pale uani. Katika mafuriko yale, mzee mmoja wa Kiorma aitwaye Abduba, aliyekuwa akichunga huku chini, alikuta paa la makuti limekwama kwenye miti, na juu yake mtoto aliyekaribia kufa. Alitafuta wenyewe, akakuta mashamba matupu, watu wamekimbia. Akamchukua, akarudi naye Madogo, akamlea, na hakumficha kwamba hakumzaa. Mwaka uliopita Guracha alipomwoza binti yake, wazee walimtaka ataje baba zake mmoja baada ya mwingine kama ilivyo kwao, akawataja baba za Abduba. Hakuna aliyemcheka. Ila yeye mwenyewe, alisema, tangu siku ile alikuwa akijiuliza baba zake wa kuzaliwa ni nani. Maulizo yangu yalipomfikia, hakungoja barabara itengenezwe.

Hakutuomba kitu kingine. Alimtazama Kombe akamwuliza kwa Kiswahili chake cha huko, "Baba yangu nani? Na baba yake nani?"

Kombe akamtajia: wewe ni Katana wa Dzombo, wa Katana, wa Dzombo. Mgeni akayarudia polepole, akakosea, akarudia tena. Sura ya baba ilikuwa imesimama pale mbele yetu ikijifunza jina lake. Tulikumbatiana wote watatu tukilia, Sadik akageukia kando.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

Alipika, akaandaa, akamkaribisha kwa heshima anayopewa mgeni. Akamtazama akila. Kombe akapiga magoti. "Mama, huyu ndiye Katana. Mwanao."

Mama hakupandisha sauti. "Nilimngoja mwanangu miaka yote, mkaja mkanifundisha kumlilia. Nimemlilia, nimemzika, nimetulia. Huyu baba wa watu mnataka nimweke wapi?"

Nilifura, nikataka kumwambia kwamba amekuwa na roho ya jiwe. Lakini nilimwona akimsogezea mgeni sahani, ghadhabu ikaniisha. Guracha alielewa. Alisema, "Sawa, mama," akamalizia kula chakula chote.

Alilala kwa Kombe. Asubuhi alikuja kutuaga, akasimama mbele ya kigogo akauliza ni nini. Kombe aliangalia chini. Nikamwambia mimi, "Ni wewe." Akakitazama kigogo, ule mchongo na kile kitambaa, akauliza kama kinang'oleka. Nikamwambia kwetu koma ikishasimamishwa haing'olewi.

Mama akatoka na kata yake ya maji. Alipita kati yetu, akachuchumaa, akamwaga kidogo kidogo kama kawaida yake.

"Katana, mwanangu," akasema. "Umeamkaje?"

Yule mtu mzima akavua kofia yake. "Sijambo, mama," akaitika, akiwa amesimama nyuma yake.

Mama hakugeuka. Alimwaga maji yaliyobaki, akaanza kukieleza kigogo kwamba jana alipata mgeni.